Nyumba Njema si Mlango: Kusoma Kusadikika katika Vitongoji vya Kigali

Muhula uliopita tulikuwa tukisoma Kusadikika cha Shaaban Robert pamoja na wanafunzi wa mwaka wa pili. Tulipofika mahali ambapo Karama anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje ya nchi na kutiwa gerezani waliporejea, mwanafunzi mmoja alinyosha mkono akasema: "Mwalimu, baba yangu amefika nchi nyingi kuliko wajumbe wote hao sita, na hakuna aliyemfunga." Darasa zima liliangua kicheko, nami nikacheka. Muda wa kipindi ulikwisha kabla sijapata jibu. Makala haya ni jaribio la kumjibu.

Mwanafunzi huyo anaishi katika kimojawapo cha vitongoji vya Kigali tunavyovifahamu sote, iwe Nyarutarama, Kibagabaga au Gacuriro: barabara safi, ukuta, geti, mlinzi, bustani ya majani yaliyokatwa vizuri. Sebule za nyumba hizo ninazijua. Aghalabu huwamo kabati ya vioo, na ndani yake dele la kahawa lililotoka Dubai, Mnara wa Eiffel wa kimo cha kidole, kinyago cha Kimakonde na sahani ya Istanbul. Mgeni akikaribishwa huonyeshwa kabati hiyo kabla ya chai. Nami sijitoi katika kundi hilo. Nyumba yangu ni ndogo zaidi lakini ina ukuta na geti, na juu ya rafu yangu pana jahazi dogo la mbao nililonunua Dar es Salaam nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili. Hivyo basi, ninayoyasema hapa ninajisemea na mimi.

Kwa kawaida Kusadikika hufundishwa kama istiara ya utawala wa kikoloni. Usomaji huo una msingi wake. Kitabu kilichapishwa mwaka 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza, na mwandishi wake alikuwa karani wa serikali hiyohiyo. Mtu anayepokea mshahara wa serikali haikuwa rahisi kuisema waziwazi. Shaaban Robert akaiweka nchi yake angani ili aweze kuisema. Wanafunzi wetu wanalijua jibu hilo kwa moyo, na huliandika katika mtihani hata kabla ya kumaliza kusoma kitabu. Tatizo ni kwamba jibu hilo limetuzoesha kuiruka hadithi yenyewe ilivyosimuliwa. Na hadithi yenyewe, kwa sehemu kubwa, ni hadithi ya safari.

Tuikumbuke kwa ufupi. Waziri Majivuno anamshtaki Karama kwa kosa la kutaka kuanzisha mafunzo ya uanasheria katika nchi. Badala ya kujitetea kwa kukana, Karama anasimulia mbele ya baraza habari za wajumbe sita: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Hao walitumwa pande nne za dunia, na mbinguni, na ardhini. Kila mmoja alikwenda, akaona jinsi wenzetu wanavyoishi, akarudi na ushauri wa kuinufaisha Kusadikika. Kila mmoja alilipwa kifungo. Mwishoni Karama anashinda, na wafungwa hao wanafunguliwa.

Jambo ninaloomba tulitazame ni hili. Kusadikika si nchi iliyokataza safari. Ilituma wajumbe, mipaka yake ilikuwa wazi kwa wanaotoka. Kilichokatazwa ni matokeo ya safari. Buruhani angalirudi na kitambaa kizuri, au na hadithi ya kuchekesha baraza, sidhani kama Majivuno angalimgusa. Alifungwa kwa sababu alirudi na kitu kilichoitaka nyumba ijipange upya.

Hapo ndipo jibu la mwanafunzi wetu linapoanzia. Baba yake hakufungwa, na wala mimi sikufungwa, kwa sababu tulivyorudi navyo vinaenea katika kabati. Dele la Dubai halimtaki mtu yeyote abadilishe neno, saa ya kula, mtu wa kumkaribisha au wa kumwamini. Siku hizi kusafiri kumekuwa kwepesi kwa mwenye uwezo. Tangu mwaka 2014 Mnyarwanda anaweza kuvuka kwenda Uganda na Kenya kwa kitambulisho chake cha taifa, na kuanzia mwaka 2018 Rwanda imewapa raia wa nchi zote viza wanapofika mpakani au uwanjani. Mlango umefunguka pande zote mbili. Lakini wahenga walikwisha kutuonya kuwa nyumba njema si mlango.

Haki ya mhakiki ni kusema pia pale kitabu kinapopungua. Kwa maoni yangu, udhaifu mkubwa wa Kusadikika upo katika safari hizohizo. Nchi wanazozisimulia wajumbe zinakaribia ukamilifu. Zina sheria njema na watu wema, lakini msomaji hapati harufu ya chakula chao wala hasikii watoto wao wakigombana. Mjumbe haoni haya kwa kukosea salamu wala hacheki kwa kutoelewa. Shaaban Robert hakuwa na haja na ugeni wenyewe; alihitaji kioo cha kuionyesha Kusadikika sura yake. Kwa kazi aliyokusudia, kioo kilitosha. Lakini anayekisoma leo anaweza kudhani kuwa kuwa wazi kwa tamaduni nyingine ni kuziorodhesha sifa zake tu, na orodha ya sifa haitofautiani sana na kabati ya vioo.

Kwa bahati njema fasihi ya Kiswahili ilikuwa na wasafiri wa aina nyingine nusu karne kabla ya Kusadikika. Mwaka 1901 Carl Velten, aliyekuwa akifundisha Kiswahili mjini Berlin, alichapisha Safari za Wasuaheli, mkusanyiko wa simulizi za safari za watu wa Afrika Mashariki. Mmoja wao ni Selim bin Abakari, Mngazija, aliyesafiri mwaka 1896 akiwa na bwana wake, Dr. Bumiller, wakapita Urusi hadi Siberia. Ni simulizi ya ajabu, nami ninasikitika kuwa wanafunzi wengi humaliza shahada bila kuisikia. Tumezoea kusoma habari za Mzungu anayekuja kwetu na daftari lake. Hapa ni mtu wa visiwa vyetu aliyekwenda Petersburg na Moscow na lake. Anawapima watu wa huko kwa mizani aliyotoka nayo nyumbani, mizani ya mtu wa pwani na ya Mwislamu, nao wanamtazama yeye kwa mshangao kuliko anavyowatazama.

Huo mtazamo wa kurudi ndio unaokosekana kwa wajumbe wa Kusadikika. Selim hakuwa mtalii wala balozi. Alikwenda kama mtumishi, na mtumishi ugenini hawezi kujificha nyuma ya dirisha la basi. Naamini hiyo ni sehemu ya ubora wa simulizi yake: mwandishi analipia kile anachokiona. Tukimlinganisha na Martin Kayamba, aliyekwenda London mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza juu ya kuunganishwa kwa Kenya, Uganda na Tanganyika, na ambaye kitabu chake Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza kilitoka mwaka uliofuata, tunaona tofauti ya nafasi. Kayamba alikuwa karani wa cheo, mgeni wa heshima, na mgeni wa heshima huonyeshwa vilivyosafishwa. Wote wawili ni mashahidi wa kweli, ila kila mmoja aliona kutokea kiti alichopewa. Swali jema la kumuuliza mwanafunzi ni hili: baba yako alipofika nchi hizo zote, alikalishwa kwenye kiti gani?

Katika kitabu hichohicho cha Velten yumo pia Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye wengi tunamjua kwa Desturi za Wasuaheli. Maisha yake yanaikaribia hadithi ya Karama kuliko riwaya yoyote. Alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili, akafunga ndoa na mwanamke wa Kijerumani mwaka 1904. Mwaka 1905 walipanda meli kuja Afrika Mashariki, lakini serikali ya kikoloni ya Kijerumani haikuwaruhusu kushuka pamoja. Wakarudi Ujerumani, na Mtoro alifia Berlin mwaka 1927 bila kurudi kuishi kwao. Huyu ndiye mjumbe aliyefungwa, hata kama kufuli ilikuwa ya namna nyingine. Alichorudi nacho hakikuwa kitu cha kuweka kwenye rafu. Alirudi na mke, na ndoa hiyo iliitaka koloni nzima ijieleze upya nani ni mtu na nani si mtu. Koloni haikuweza, ikamfungia bandari.

Tukitoka kwa Mtoro turudi Kigali, maana pengine msomaji anajiuliza haya yanatuhusu nini sisi tuishio katika milima hii, mbali na bandari zote. Yanatuhusu kwa sababu jiji letu lilianzishwa na wageni na wasafiri. Richard Kandt alipoweka makao yake hapa katika miaka ya 1907 na 1908, msafara uliokuja na utawala huo ulikuwa na askari, makarani na wafanyabiashara, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Baadaye eneo la Biryogo, karibu na Nyamirambo, lilijulikana kama Camp Swahili, mahali walipotengwa Waislamu na watu waliotoka pwani na sehemu nyingine za Afrika Mashariki. Dunia ilikuja Kigali zamani sana, nasi tukaipangia mtaa wake. Kwa miaka mingi kumwita mtu Mswahili katika mazungumzo ya hapa kulikuwa karibu na kumwita mjanja au laghai. Mwaka 2017 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, miaka 10 baada ya Rwanda kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Sheria imekwisha kumfungua mfungwa. Sisi je, tumemkaribisha nyumbani?

Natoa mfano mdogo. Mkazi wa kitongoji chenye raha anapojenga, vigae vya sakafu na makochi ya sebule mara nyingi huteremshwa bandari ya Dar es Salaam, vikasafiri barabarani takriban kilomita 1,500, vikaingia kwa mpaka wa Rusumo. Aliyeendesha lori hilo alisalimia, aliuliza njia, alinunua chakula na kulalamikia foleni kwa Kiswahili hadi geti la mwenye nyumba. Vigae vikaingia ndani. Lugha ikabaki nje. Naye mwenye nyumba humpeleka mtoto wake kujifunza lugha za mbali ili awe mtu wa dunia nzima, na humwambia Kiswahili atakiokota njiani.

Na kwa kweli kimekwisha kuokotwa. Mwombe mtu wa nyumba hiyo azitaje kwa Kinyarwanda safi vitu vilivyomzunguka. Atasema idirishya, ameza, isahani, isukari, isabune, igitabo. Mtoto hutumwa iduka. Langoni yupo umuzamu, jina lililotokana na zamu. Kuna mgeni aliyeishi nyumbani humo zaidi ya miaka 100, anashika dirisha na meza na sahani, na wenyeji hawajamuuliza jina lake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone; walisema vilevile kuwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali ya pili huchukuliwa kuwa ni ya kumfukuza mgeni. Mimi huiona kuwa ni ya heshima: anayepewa jembe amehesabiwa kuwa mtu wa nyumbani.

Hata hivyo, hapana budi kuwasikiliza wanaoutetea ukuta. Mwenzangu mmoja katika idara, niliposoma mbele yake rasimu ya makala haya, aliniuliza kama nimesahau mitaa hiyo imejaa watu wa namna gani. Alikuwa na haki. Katika mtaa mmoja wa Kigali huenda yupo aliyekulia Kampala, aliyezaliwa Bujumbura, aliyesoma Goma na aliyefuga ng'ombe Karagwe, watoto na wajukuu wa waliokimbia kuanzia mwaka 1959, waliorudi baada ya mwaka 1994. Hao walisafiri vya kutosha kabla ya kuwa na pasipoti. Walikaa ugenini bila kualikwa, wakaoshwa macho na dunia pasipo kupenda. Kwa mtu kama huyo geti si kiburi. Ni usiku wa kwanza wa kulala bila kusikiliza mlango. Raha ya nyumba yake ameilipia. Mhakiki anayeicheka raha hiyo kutoka kwenye kiti chake ni Majivuno mwingine.

Nimekubali hoja hiyo, na imenilazimu kuongeza jambo. Katika vitongoji vyetu hakuna waziri anayewafunga wajumbe. Tunawafunga wenyewe, kwa upole, na mara nyingi mfungwa na mlinzi ni mtu mmoja. Nililifahamu hilo siku ya umuganda, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tulipokuwa tukizibua mfereji mtaani kwangu. Nilikuwa nikilima vibaya, kama walimu wengi, na mzee jirani yangu akapaza sauti: "Polepole, Mwalimu, utajikata mguu!" Kwa Kiswahili. Tulikuwa tumesalimiana kwa Kinyarwanda kwa miaka minne, asubuhi na jioni, kila mmoja langoni pake.

"Mzee wangu, Kiswahili umekijulia wapi?" nikamuuliza.

"Nilizaliwa Bukavu," akasema. "Miaka ine nakusikiaka unasema kwa simu. Haukuniuliza hata siku moja."

Mimi ndiye mwalimu wa Kiswahili. Mimi ndiye ninayewaambia wanafunzi kuwa lugha ni daraja. Nilikuwa nikisafiri kwenda makongamano Dar es Salaam na Nairobi kuzungumzia Kiswahili na watu wa mbali, na ukuta wangu ulipakana na mtu aliyekuja na Kiswahili cha Kivu tangu utotoni. Hakukitoa kwa sababu alidhani mtaa huu hauna haja nacho. Sikumuuliza kwa sababu nilidhani mtaa huu hauna kitu kama hicho. Kusadikika ni nchi ya watu wanaosadiki, na hayo ndiyo tuliyosadiki sote wawili.

Kutokana na hayo, napendekeza kwa idara yetu mambo mawili. Kwanza, tunapofundisha Kusadikika, tusikifundishe peke yake. Kiwekwe pamoja na Selim bin Abakari na Mtoro, ili mwanafunzi aone kuwa wajumbe wa Shaaban Robert walikuwa na kaka zao wa damu na nyama. Atakayetaka wa karibu zaidi asome Mbali na Nyumbani cha Adam Shafi, kilichotoka mwaka 2013, akamwone kijana wa Unguja anayetoka bila mali kuitafuta dunia. Pili, zoezi letu la insha ya safari libadilishwe. Kila mwaka tunapokea safari za Akagera na Musanze zilizoandikwa kama tangazo la hoteli. Tumwambie mwanafunzi aandike safari ya nyumba yake: kila mtu aliyemo ametoka wapi, amepita wapi, alijifunza nini huko, na kipi kati ya alivyojifunza hakitumii tena, na kwa nini.

Zoezi hilo nimelijaribu na darasa lilelile. Mwanafunzi aliyenicheka ndiye aliyeleta insha iliyonikalisha kimya. Anasema alirudi nyumbani akamwamkia baba yake kwa utani, "Shikamoo, baba," akitarajia acheke. Baba aliitika, "Marahaba, mwanangu," kisha akaendelea kwa Kiswahili kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Alikuwa amejifunza utotoni Uganda, wakati ambapo Kiswahili kilikuwa lugha ya askari, na watu wakikisikia usiku walizima taa. Aliporudi Rwanda aliamua kutowapa watoto wake lugha ile. Wamekuwa naye katika nchi nyingi, ameandika, lakini huko hawajawahi kufika.

Sikuwa na la kusahihisha isipokuwa vituo na herufi kubwa. Kuhusu swali lake la mwanzo, nadhani amelijibu mwenyewe: baba yake naye alirudi na kitu, na kilikuwa kimefungwa miaka yote hiyo katika nyumba yenye raha. Nilimwandikia pembeni aendelee na insha hiyo, na amwombe baba amsimulie habari za zile taa ikiwa yuko tayari. Akikataa, asimlazimishe. Mjumbe hufunguliwa, lakini kusema ni hiari yake.